Sura ya Saba: Filimbi ya Upande wa Kushoto

Walipoondoka getini jua lilikuwa linawachoma visogo. Walipofika nusu ya njia mvua iliwanyeshea, kisha ikakoma ghafla kana kwamba imekumbuka kazi nyingine. Sasa ukungu ulikuwa umewameza wote watatu: Inspekta mbele, kijana mwenye pingu katikati, na Sajenti nyuma, akihema kama mtu aliyebebeshwa mlima badala ya kuupanda.

"Afande, mlima huu una tabia za mke mwenza," alisema Sajenti. "Asubuhi anakuchekea, mchana amenuna, na hujui umemkosea nini."

Inspekta, mwanamke aliyezoea utani wake, alitabasamu bila kugeuka. Kijana hakutabasamu. Wenzake katika kazi ya kuongoza wageni walimwita Mrefu, na kweli alikuwa mrefu, lakini siku mbili za mahabusu zilikuwa zimempinda mgongo. Kesho yake alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa kosa la kumuua mwongozaji mwenzake. Jalada lilikuwa tayari mezani kwa mkuu wa kituo, na mkuu alikuwa amempa Inspekta siku moja tu ya kuridhisha moyo wake. Mama mzazi wa Mrefu alikuwa ameshinda nje ya kituo tangu mwanawe akamatwe. Hakupiga kelele. Alikaa tu, akimtazama kila aliyetoka.

Juu yao, mahali wasipopaona, filimbi ikalia. Milio miwili mifupi.

"Jibu," Inspekta alisema.

Sajenti alipuliza yake mara mbili, kama walivyoelekezwa getini. Kimya kikapita. Kisha ukaja mlio mmoja mrefu, uliovutwa kama uzi.

"Huo wa mwisho wa nini?" Inspekta aliuliza.

"Labda anatupa pole, afande."

Waliufuata mlio ule mpaka mwamba mkubwa ukachomoza kwenye ukungu, na kando yake akasimama mtu mpana, mwenye uso wa upole na mikono mizito. Huyu ndiye waliyemwita Kobe, kwa sababu hakuwahi kuharakisha mgeni wala kupoteza mgeni. Marehemu, aliyeitwa Kipanga, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Karibuni, afande. Poleni na njia." Macho yake yalipita juu ya Mrefu kama mtu anayepita penye matope. "Na huyu mmemleta kufanya nini? Aje amalizie?"

"Amekuja kunionyesha alikosimama," alisema Inspekta. "Wewe tufikishe kambini."

*

Kambi ya juu ilikuwa nyumba moja ya mawe yenye varanda, jiko upande mmoja na stoo nyuma. Ukiwa varandani, siku isiyo na ukungu, unakiona kilele chote. Njia ya kushuka kutoka kileleni huja kwa upande wa kulia, ikizunguka mwamba wa kona. Upande wa kushoto kuna korongo, lenye kuta zilizosimama wima kama ukuta wa nyumba. Kipanga aliokotwa chini ya korongo hilo, na mtu wa kwanza kukutwa kando ya mwili wake alikuwa Mrefu, filimbi shingoni.

Siku chache kabla, wawili hao waligombana getini mbele ya watu. Kundi zima la wageni lililokuwa limemkodi Mrefu lilimwona Kipanga, likamsikia akiimba na kutania, likahama. Mrefu alisema kwa sauti, "Iko siku utateleza." Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwenye jalada na kupigiwa mstari.

Varandani alikuwa amekaa mwalimu mstaafu mmoja, mwanamke mwenye mvi, goti lake limevimba na kufungwa bendeji. Alikuwa mgeni wa mwisho kuongozwa na Kipanga. Inspekta alivuta kiti akaketi karibu naye, akangoja mpaka Kobe aliyekuwa akipanga fimbo za wageni aondoke.

"Mwalimu, nieleze siku ile."

"Nilisahau darubini yangu kileleni," alisema mwalimu. "Ya marehemu mume wangu. Niliikumbuka tumeshafika hapa. Huyu kaka mtu akaniambia, 'Mwalimu, mawingu yanakuja, tutaichukua kesho.' Mdogo mtu akacheka. Akasema, 'Mwalimu, leo utalala na darubini yako.' Akapanda mbio kama mbuzi. Wageni wote wakampigia makofi."

"Na kaka yake?"

"Aliinama akafunga kamba za viatu vyake." Mwalimu alifikiri kidogo. "Zilikuwa zimefungwa tayari. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, dada. Namjua mtoto ambaye mwenzake amesifiwa."

"Ukungu ulishuka saa hiyo?"

"Haukuchukua muda. Kila kitu kikapotea. Nikawa nimekaa hapa hapa namwomba Mungu amrudishe. Ndipo nikasikia filimbi. Miwili mifupi, upande wangu wa kushoto. Kutoka juu, kwa mbali, ikajibiwa miwili."

"Halafu?"

"Halafu ule wa kushoto ukalia tena. Mmoja, mrefu. Nikasema asante Mungu, ameonekana. Halafu..."

Inspekta alimpa muda afute macho. "Polisi waliokuja kwanza hukuwaambia haya?"

"Waliniuliza nimeona nini. Niseme nimeona nini kwenye ukungu? Hawakuniuliza nimesikia nini."

"Na hapa kambini umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Hapa kila mtu analia, au anajitahidi kulia."

"Basi endelea kunyamaza mpaka nikuombe," Inspekta alisema.

Alimwendea Mrefu, aliyekuwa ameketi ngazini na Sajenti.

"Siku ile ulikuwa unatokea upande gani?"

"Kushoto, afande. Nilipanda kwa njia ya bondeni, mikono mitupu, bila mgeni hata mmoja. Nilikuwa nakuja hapa kuomba kazi ya kubeba mizigo. Kwake Kipanga. Niliona bora niombe kuliko kukaa nyumbani natazama ukuta."

"Ulipuliza filimbi?"

"Sikupuliza. Nilisikia inapulizwa juu yangu, ng'ambo ya korongo. Halafu nikasikia mtu anaanguka. Nikakimbilia chini. Ningejua nitakamatwa..." Aliangalia pingu. "Hapana. Ningekimbilia tu."

"Ulimchukia?"

"Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Lakini wivu ni kitu kimoja, afande, na kumuua mtu ni kitu kingine."

Sajenti alimsogeza Inspekta pembeni. "Afande, filimbi ililia kushoto. Yeye alikuwa kushoto. Filimbi anayo, ugomvi upo. Mimi naona anajipeleka mwenyewe gerezani."

"Inawezekana," alisema Inspekta, akaelekea jikoni.

*

Mpishi wa kambi alikuwa mke wa Kobe. Alikuwa anamenya viazi mbele ya jiko la mafuta lililonguruma hivi kwamba walilazimika kuongea kwa sauti. Siku ile hakusikia filimbi wala ukelele, alisema, na Inspekta aliamini. Hapo hata ngoma isingesikika.

"Shemeji yangu alikuwa mtu wa watu," mpishi alisema. Machozi yalimtoka na kisu hakikusimama. "Akishuka na wageni, lazima apite hapa. 'Shemeji, umechoka, lete niteke maji.' Mume wangu mimi? Anaingia, anakula, anatoka. Nilikuwa namwambia kila siku, jifunze kwa mdogo wako. Hata kucheka tu."

"Alisemaje ukimwambia hivyo?"

"Kobe aseme nini? Ananyamaza. Anaingia kwenye gamba." Alicheka kidogo na kujifuta kwa kiwiko. "Siku ile alikuwa stoo. Alisema anashona kamba. Kamba zenyewe mpaka leo ziko vilevile, shughuli ya mume wangu hiyo."

Inspekta alichukua kiazi na kisu kingine, akaanza kumenya. Mpishi alimtazama kwa mshangao, kisha akamsogezea beseni.

"Tulipokuwa tunapanda," Inspekta alisema, "mumeo alituita kwa filimbi. Miwili, tukajibu, halafu mmoja mrefu. Nikajiuliza huo wa mwisho ni wa nini."

"Ah, hiyo ni ya baba mkwe! Mungu amrehemu. Ndiye aliyewafundisha hawa wawili kazi. Miwili ni kumwambia mtu nipo huku. Anajibu miwili, nimekusikia. Lakini haruhusiwi kusogea hata hatua. Anangoja ule mrefu. Ule ndio mlango. Maana yake, nimesimama pazuri, kati yangu na wewe njia ni safi, njoo moja kwa moja bila wasiwasi."

"Na waongozaji wengine?"

"Hawana hiyo. Kama yule Mrefu, amefundishwa upande wa pili wa mlima. Wao wakiitana na kujibiana, basi. Sisi wa baba mkwe ndio tunafunga kwa ule mrefu. Mkwe alikuwa mkali, ukisahau hakupi chakula. Mume wangu hawezi kuiacha mpaka leo. Hata nikimwita kula kwa filimbi, akishajibu anafunga yeye, ingawa aliyeita ni mimi. Namwambia, baba watoto, mimi si mgeni, niko hapa na mwiko!"

Inspekta alimaliza kiazi chake, akakiweka kwenye maji, akashukuru, akatoka.

Alikwenda stoo. Kamba zilikuwa zimening'inia ukutani. Aliziteremsha mojamoja na kuzipitisha mkononi. Mbili zilikuwa zimelika katikati, nyuzi zimesimama kama nywele. Hakuna sindano iliyopita hapo. Nyuma ya stoo kulikuwa na mlango mdogo, na kutoka mlangoni kinjia chembamba kilipanda kuelekea kushoto. Alikifuata mpaka kikafika ukingoni mwa korongo, ng'ambo ya mahali ambapo mtu anayeshuka kutoka kileleni angetokea. Mtu akisimama hapo na kumwita mwenzake aje moja kwa moja, anamwita aje hewani.

Alisimama kitambo, midomo ikitembea bila sauti. Ndivyo alivyokuwa kabla ya kila jaribio. Ombi lilikuwa fupi na halikubadilika: Mungu wangu, nisimkosee mtu.

*

Ukungu ulipanda, ukashuka tena. Inspekta aliwakusanya wote varandani: mwalimu kwenye kiti chake, mpishi kwenye mlango wa jiko na mikono yenye maji, Mrefu na Kobe mbele. Sajenti alikuwa ametumwa kwenye mwamba wa kona.

"Nataka kujua filimbi inafika wapi kwenye hali kama hii," alisema Inspekta. "Kila mmoja amwite Sajenti kama anavyomwita mwenzake kazini. Si zaidi, si pungufu. Mrefu, anza wewe."

Alimfungua pingu mkono mmoja, akampa filimbi. Mrefu alipuliza miwili. Kutoka kwenye ukungu ikaja miwili. Mrefu akashusha filimbi, akairudisha.

"Basi?"

"Basi, afande. Amenisikia."

"Sasa wewe, kaka mtu."

Kobe alichukua filimbi yake shingoni. Aliifuta kwa kidole gumba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Akapuliza miwili. Sajenti akajibu miwili. Kobe alibaki na filimbi midomoni, mashavu yamejaa pumzi. Kisha akaitoa pumzi ile polepole kwa pua, akaishusha filimbi kifuani.

"Basi," alisema.

Mpishi aliangua kicheko kutoka mlangoni. "We baba watoto! Ya mwisho umeiacha wapi? Unataka mwenzio asimame kule mpaka aote mizizi?"

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu alikuwa ameshika mkono wa kiti chake kwa nguvu. Mpishi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Nimesema nini?"

Inspekta alimgeukia Kobe na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwuliza mwenzake njia.

"Kwa nini umeiacha?"

"Nimesahau."

"Asubuhi ulituita sisi, hukusahau."

"Uchovu, afande."

"Mkeo anasema hujawahi kuisahau. Hata ukiitwa kula."

"Mke wangu ana domo."

"Siku ile kuna mtu alimwita mdogo wako kutoka kushoto," alisema Inspekta. "Akampa miwili, akajibiwa miwili, kisha akampa mmoja mrefu. Aliyesikia ameniambia mimi. Mimi nilimwambia Sajenti tu, nikimpeleka pale konani. Mrefu sikumwambia. Mkeo hajui. Wewe hukuambiwa. Sasa mbona kati ya milio yote, umechagua kuficha huo huo mmoja?"

Kobe aliifumbata filimbi kwenye kiganja.

"Ulisema ulikuwa unashona kamba," Inspekta aliendelea. "Nimezishika zote. Hulazimiki kusema kitu, na utakachosema nitakiandika. Lakini huyu kijana kesho anapelekwa mahakamani."

Mrefu alikuwa amesimama akimtazama Kobe, pingu ikining'inia kwenye mkono mmoja. Pengine kama angemtukana, Kobe angepata nguvu ya kubisha.

"Nilitaka apotee kidogo tu," alisema Kobe.

Mpishi aliketi kwenye kizingiti.

"Kidogo tu, afande. Asimame akingoja upande usio wake, akwame, ukungu umfunge, wageni waanze kuuliza yuko wapi. Halafu mimi nitoke nikamtafute. Mimi nimkute. Nimlete hapa mbele yao nimemshika mkono, kama nilivyokuwa namshika alipokuwa mdogo. Baba alinipa mimi mlima huu. Mimi nilimfundisha mahali pa kuweka mguu. Anakuja kuimba nyimbo na kucheka, na wote wanasema Kipanga, Kipanga. Ndani ya nyumba yangu, Kipanga. Kwenye sahani yangu, Kipanga!"

"Ulimwita aje korongoni."

"Nilimwita miwili tu! Akisikia miwili anasimama. Anangoja. Hasogei bila ya mwisho, baba alitufundisha hivyo. Nilijua atasimama pale juu na kungoja mpaka achoke." Aliinua filimbi akaitazama kama kitu alichookota njiani. "Akajibu. Na mimi nikafunga. Sikukusudia, nakuapia kwa Mungu. Sijawahi kuita bila kufunga. Mdomo ulifunga wenyewe."

Upepo ulipita varandani. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Nikamsikia anakuja," Kobe alisema. "Anakuja mbio. Hakupapasa hata kwa fimbo. Aliyemwita ni mimi, angepapasa nini? Nikapiga kelele asimame, lakini alikuwa ameshafika."

"Kelele hizo hakuna aliyezisikia," Inspekta alisema.

"Nilipiga."

"Labda ulipiga."

Aliandika hilo pia, yote mawili, alivyosema na kwamba hakuna aliyesikia, kwa sababu halikuwa lake kulipima. Kisha akafungua pingu mkono wa pili wa Mrefu. Mrefu alisugua kifundo cha mkono na kutazama alama yake nyekundu.

"Nenda nyumbani," Inspekta alimwambia. "Au tangulia, tutakukuta. Mama yako yuko kituoni."

Sajenti aliporejea kutoka konani, akakuta pingu zimehama mikono, alivua kofia.

Mpishi alimfuata mumewe mpaka ukingo wa varanda. "Ni mimi nimesema," alimwambia Inspekta. "Ni mimi nimesema mbele ya watu, nacheka."

"Ungesema au usingesema, mama, aliiacha mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyekuwa namwambia kila siku ajifunze kwa mdogo wake," alisema mpishi.

*

Walishuka na ukungu ukapanda, na walipokaribia geti jua la alasiri lilikuwa limerudi, mabegi na mabuti ya wageni wapya yametandazwa kwenye nyasi yakauke. Mrefu alikuwa mbele yao. Kabla hajalifikia geti, wageni walikuwa wamemzunguka. Kambi ilikuwa haina mwongozaji, nao walikuwa wametoka mbali.

"Wewe ndiye unayetupandisha kesho?" mmoja aliuliza.

Mrefu aligeuka akamtazama Inspekta, kana kwamba anaomba ruhusa ya kupumua. Kisha akawageukia. "Nitawapandisha," alisema. "Lakini kesho kutwa. Kesho nina mama yangu."

Wakampigia makofi.

Kobe alikuwa ameshaingizwa kwenye gari la polisi, ameketi kando ya Sajenti, uso kwenye kioo. Aliwatazama wageni wale, kisha akamtazama Mrefu.

"Afande," alimwita Inspekta kupitia dirisha. "Mwambie yule asiwapitishe mgongoni mwa mlima kukiwa na upepo. Haujui mlima huu. Hata robo yake haujui."

Inspekta alisimama na mkono kwenye kitasa. Alikuwa amesikiliza sauti hiyo tangu asubuhi, na hata sasa hakuweza kusema kama ndani yake kulikuwa na huruma kwa wageni au donge lilelile.

"Nitamwambia," alisema, akafunga mlango.